Picha ya baba imefanana, lakini shangazi hamwoni kaka yake

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mwanza, nasomea uchoraji, na nyumbani kwetu ni Kirumba, mwendo mfupi kutoka Mwaloni ambako mama yangu anauza dagaa wakavu. Nimekuwa nikichora tangu darasa la tano, na tangu mwanzo kilichonivutia ni uhalisia, yaani kumchora mtu hadi anayetazama apeleke kidole kwenye karatasi kuhakikisha kwamba si picha ya kamera. Nafanya kazi kwa miraba: picha iliyo kwenye simu naigawa kwa mistari, karatasi nayo naigawa vivyo hivyo, kisha nahamisha mraba mmoja baada ya mwingine, na uso mmoja huweza kunichukua siku nne au tano. Watu hunitumia picha zao kwa WhatsApp na kunilipa shilingi 30,000 kwa karatasi kubwa. Fedha hiyo ndiyo inayoninunulia penseli na chakula cha chuoni, kwa hiyo siwezi kuizungumzia kwa dharau.

Mwezi uliopita tulitakiwa kuchagua kazi 10 za kuonyesha mwishoni mwa muhula. Nikazitandaza zangu zote sakafuni, zikawa 43, nikasimama mlangoni kuzitazama, na hapo nikaona jambo ambalo sikuliona nilipokuwa nikizichora moja moja. Nyuso zote zilikuwa za ndugu wa tumbo moja. Mzee wa miaka 80, bibi harusi, mtoto wa jirani na dereva wa bodaboda, wote wana ngozi ileile laini, mng'ao uleule ndani ya jicho na kivuli kilekile chini ya pua. Hata Jiwe la Bismarck, ambalo nimelichora kwa rangi mara sita, lina jua lilelile la rangi ya chungwa mara zote sita, kwa sababu nililitoa kwenye picha za mtandaoni, ingawa jiwe lenyewe nalipita kwenye daladala karibu kila siku.

Mchoro mmoja tu ndio ulionizuia nisigeuze macho. Ni wa mama, niliyemchora mwaka jana akiwa amesinzia mchana pale Mwaloni, ameegemea gunia, na nilimchora kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la madeni kwa muda wa dakika 15 hivi, kabla hajaamshwa na mteja. Mguu mmoja haukumalizika, mkono wa kulia ni mkubwa kupita kiasi, na chini yake kuna hesabu ya mtu anayedaiwa debe mbili. Kwa vipimo vyote nilivyofundishwa ni mchoro mbovu, na ndio pekee ninaoupenda.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni picha ya baba. Baba alikuwa fundi wa mitumbwi, akafariki mwaka 2019, na ikabaki picha yake moja tu inayoonekana vizuri, ile ndogo ya pasipoti aliyopiga kwa ajili ya kitambulisho. Niliifanyia kazi kwa wiki tatu, nikampa mama, mama akalia na kuitundika sebuleni. Kisha shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Ukerewe. Aliitazama muda mrefu, akasema: "Umeichora vizuri ile picha ya kitambulisho. Kaka yangu simwoni." Tangu siku hiyo sijashika penseli isipokuwa kwa kazi za kulipwa.

Mkufunzi wangu anasema kazi zangu zimekufa, na hafafanui zaidi ya hapo. Wenzangu darasani wanasema kwamba uhalisia ni mambo ya Wazungu, kwamba kamera iliumaliza zamani, na kwamba afadhali nigeukie mtindo wa Tingatinga. Je, niache uhalisia? Na ile picha ya baba niifanye nini?

Mchoraji wa Kirumba


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na shangazi yako, kwa sababu katika watu wote uliowataja ni yeye peke yake aliyekupa uhakiki unaoweza kuutumia. Hakusema kwamba picha haifanani. Alikutajia kwa usahihi kabisa kitu ulichokichora, kwamba ni picha ya kitambulisho, na hapo ndipo ugonjwa wote ulipo. Mkufunzi anayesema kazi "zimekufa" na kunyamaza ni sawa na daktari anayekuambia kwamba unaumwa, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Fikiria jinsi picha ile ilivyopigwa. Baba yako aliketi kwenye kiti kisichokuwa chake, mbele ya kitambaa cha rangi moja, akaambiwa anyooshe shingo, afumbe mdomo, asitabasamu. Taa ikamulika kutoka mbele, sambamba na macho yake. Mwanga wa mbele huingia kila shimo la uso na kulifukia. Mfupa wa juu ya jicho, bonde la shavu, pembe ya taya na kila kitu ambacho mwanga wa dirishani ungekionyesha kwa kivuli hufutika kabla ya wewe kushika penseli. Kisha picha yenyewe ni ndogo kuliko kiganja cha mtoto, nawe ukaikuza hadi karatasi kubwa, na kila ulipokosa habari ukajaza kwa weusi laini, kwa sababu mkono wako una uwezo huo. Wiki tatu za uaminifu, lakini uaminifu huo ulikuwa kwa taa ya mpiga picha.

Hali ni ileile kwa nyuso zako nyingine. Mtu anayejipiga mwenyewe hushika simu kwa urefu wa mkono wake, na kwa umbali huo pua hukua na masikio hurudi nyuma. Kama huamini, leo jioni fumba jicho moja, usogeze uso wako karibu sana na uso wa mama, kisha rudi nyuma hatua tatu, uone pua yake inavyorudi mahali pake. Simu nyingi pia hulainisha ngozi zenyewe, hata mwenye simu asipoomba, na mwenye simu naye huongeza filta juu yake. Kwa hiyo ngozi ile moja uliyoiona sakafuni kwa mzee na kwa bibi harusi ni ngozi ya simu. Hukukosea kuinakili, ila ulidhani kwamba unachora watu.

Miraba yenyewe usiilaumu. Wamisri wa kale waligawa kuta za makaburi yao kwa miraba kabla ya kuchora, na mwaka 1435 Mwitaliano Leon Battista Alberti alieleza namna ya kumtazama mtu kupitia kitambaa chepesi chenye nyuzi zilizopangwa kama wavu, ili mchoraji ajue pua imeangukia mraba upi na kidevu kimeangukia upi. Lakini upande wa pili wa nyuzi za Alberti alikuwa ameketi mtu anayepumua, anayechoka, anayegeuza kichwa akisikia mlango. Wewe upande wa pili umeweka kioo cha simu.

Nikusimulie aibu yangu mwenyewe, kwa kuwa inahusu Kirumba. Nilipokuwa kijana nilichora mabango ya maduka kwa ajili ya kujikimu, na mchuuzi mmoja wa Kirumba akanipa kazi ya kuchora sangara mkubwa ubavuni mwa kibanda chake. Nilifanya kazi hiyo nyumbani, nikitumia picha iliyokatwa gazetini, nikachora gamba baada ya gamba hadi macho yakaniuma. Nilipopeleka ubao, yule mchuuzi aliinama, akatazama jicho la samaki wangu, akauliza: "Huyu ameoza tangu lini?" Jicho nilikuwa nimelipaka rangi ya kijivu yenye ukungu, kwa sababu picha ya gazeti ilionyesha kijivu. Sangara aliyetoka majini ana jicho jeusi lililozungukwa na duara la manjano linalong'aa kana kwamba limewashwa kutoka ndani. Akikaa sana juani jicho hufifia na kutanda ukungu. Mtu yule alikuwa akinunua samaki kwa kuwatazama macho kila alfajiri ya maisha yake, mimi nilikuwa nimetazama karatasi. Alinilipa nusu, akanionyesha ndoo. Nilirekebisha jicho lile kwa robo saa tu, na magamba yote niliyoyahangaikia hakuna aliyewahi kuyataja, si yeye wala wateja wake.

Sasa mchoro wa mama yako. Unasema kwamba ni mbovu kwa sababu mkono wa kulia ni mkubwa kupita kiasi, nami nakuuliza: mama alikuwa ameulaza wapi mkono huo? Kama uliegemea gunia upande wako, na wewe umeketi chini karibu naye, basi mkono ule ulikuwa karibu na jicho lako kuliko uso wake, na kitu kilicho karibu huonekana kikubwa. Inawezekana kabisa kwamba katika kazi zote 43 huo ndio uliopimwa kwa usahihi zaidi, kwa kuwa uliupima kwa jicho lako mwenyewe, ukiwa na haraka, bila nafasi ya kuusahihisha ufanane na unachojua kuhusu mikono. Nenda ukakae palepale ulipokaa siku ile, uhakikishe.

Hata hivyo usinielewe vibaya. Sisemi kwamba mchoro wa haraka ni bora kuliko wa siku tano, wala kwamba mguu usiomalizika una hekima ndani yake. Nimewaona vijana waliosifiwa kwa mchoro mmoja wa namna hiyo, na tangu hapo wanaacha miguu bila kumaliza kwa makusudi, na unaona wazi kwamba ni uvivu uliovaa kanzu. Mguu wa mama ulibaki kwa sababu mteja alikuja. Ungepata saa mbili zaidi ungeumaliza, na ungekuwa umefanya vyema. Ninachotaka ni ile namna ya kutazama uliyoitumia kwa dakika 15 uitumie kwa siku tano, na hilo ni gumu, ndiyo maana tunaikimbilia simu tukiwa wavivu.

Kuhusu wenzako, nitasema kwa ufupi. Mwaka 1938, katika mji wa Ife nchini Nigeria, watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba walikuta vichwa zaidi ya 10 vilivyotengenezwa kwa madini ya shaba yaliyoyeyushwa, vyenye mashavu, midomo na kope za watu halisi kabisa, kazi ya mafundi wa Kiyoruba wa karne nyingi zilizopita. Miaka 28 kabla ya hapo Mjerumani Leo Frobenius alikuwa ameona kazi za mji huohuo, akashindwa kuamini kwamba ni za Waafrika, akaanza kuzungumza habari za Wagiriki na kisiwa kilichozama baharini. Anayekuambia leo kwamba uhalisia si wetu anarudia kosa la Frobenius bila kujua. Ama Edward Saidi Tingatinga, alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vipande vya ubao na rangi ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana kwa mkono wake, akabuni njia yake mwenyewe. Kumuiga yeye bila sababu ni kunakili vilevile kama kunakili simu. Na Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere na kisha chuo cha sanaa cha Slade kule London, akajifunza yote waliyofundisha, halafu akachora vijiji vya Uchagani kwa maumbo bapa na rahisi kwa sababu ndivyo alivyotaka. Ukitaka kuuacha uhalisia siku moja, uuache kwa namna ya Ntiro, ukiwa unaujua. Kuukimbia kwa sababu ya kauli ya darasani sikushauri. Kuhusu kamera, upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na hata leo watu wanakulipa uwachore, kwa hiyo haikumaliza kitu.

Kuna jambo la vifaa ambalo nalitilia shaka kutokana na maelezo yako. Unataja penseli tu. Penseli, hata ile laini ya 8B, haifiki kwenye weusi wa kweli. Ukiikandamiza huanza kung'aa, na mng'ao huo huufanya weusi uonekane wa kijivu ukitazamwa kutoka pembeni. Kwa hiyo anayechora ngozi zetu kwa penseli peke yake huishia kuwapa watu wote kijivu cha kati, na hiyo ni sababu nyingine ya nyuso zako kuwa ndugu. Jaribu makaa ya kuchorea, ambayo hayang'ai. Kama bei ni kubwa, funga vijiti vyembamba vilivyokauka ndani ya kopo la maziwa, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, uliweke kwenye moto hadi moshi ukome kutoka, uliache lipoe kabla ya kulifungua. Ila anza na makaa tangu mwanzo, kwa sababu hayashiki vizuri juu ya penseli iliyokwisha kukandamizwa.

Na ukichora ngozi kwa rangi, ifiche ile nyeusi ya kopo. Changanya kahawia iliyoiva na buluu iliyokolea, utapata giza lenye uhai. Kisha mketishe mama mlangoni saa nne asubuhi, utazame paji lake la uso: pale panapong'aa hapana weupe, pana rangi ya anga, buluu hafifu, na karibu na sikio ambako kivuli kinaanza, rangi inaelekea kwenye wekundu. Ngozi nyeusi hurudisha rangi za vitu vinavyoizunguka, na picha ya simu hugeuza yote hayo kuwa nyeupe na kahawia.

Kazi za kulipwa usiziache, maana penseli hazinunuliwi kwa nadharia. Badili utaratibu tu. Mteja akikutumia picha yenye filta, mwombe nyingine aliyopigwa na mtu mwingine, mbali kidogo, amekaa ubavuni mwa dirisha, taa za ndani zikiwa zimezimwa. Akiwa anaishi Kirumba au Pasiansi, mwambie utapita kwake kwa nusu saa na daftari, bila malipo ya ziada. Wengine watasema kwamba umewazeesha. Huyo mpe ngozi ya simu aliyoilipia, uendelee na safari. Si kila shilingi 30,000 inastahili vita.

Jiwe la Bismarck nalo lishukie kwenye daladala. Fika saa 12 jioni, uketi na rangi zako tatu tu, na ujue kwamba huku kwetu jua likishazama giza huingia upesi, kwa hiyo utakuwa na muda mfupi. Siku nyingi hutaliona lile jua la chungwa. Utaona wingu zito upande wa ziwa, maji ya rangi ya risasi, na jiwe ambalo upande mmoja limeelekea kijani. Chora hilo ulilolikuta. Ukifanya mara sita utapata mawe sita.

Sasa baba. Ile picha iliyoko sebuleni iache ukutani, kwa sababu mama aliililia na ni haki yake. Anza nyingine. Nenda Ukerewe, au umpigie shangazi akiwa ametulia, usimuulize baba alifananaje, maana atakujibu kwamba alikuwa mzuri. Muulize alikaaje akisikiliza habari asiyoiamini. Muulize alitembeaje akiwa amechoka, mkono upi ulishika nyundo, na alicheka kwa mdomo au kwa mabega. Baba yako alikuwa fundi wa mitumbwi, na fundi hupima unyoofu wa ubao kwa kufumba jicho moja na kutazama kwa lingine tangu ncha hadi ncha. Mtu akifanya hivyo kwa miaka mingi huenda mikunjo ya upande mmoja ikazidi ya upande wa pili. Ichukue tena ile picha ndogo, uitazame kwa kioo cha kukuzia, jicho la kulia na jicho la kushoto. Yawezekana mikunjo hiyo uliisawazisha wewe ulipokuwa unalainisha.

Kwa ajili ya mwanga unaokosekana, tafuta uso wa damu yake. Kama ana kaka aliye hai, mketishe kando ya dirisha, uone kivuli kinavyoangukia kwenye mfupa wa familia yenu. Kama hayupo, chukua kioo, uketi wewe mwenyewe. Usijichore; jifunze tu mwanga unavyopita juu ya paji na shavu ulilorithi, kisha uupeleke kwake. Halafu nenda kwenye karakana yoyote ya mitumbwi ufukweni, ukawachore mafundi wanaotia kalafati, yaani wanaoziba nyufa za mbao, migongo na viwiko tu, daftari zima, kabla ya kurudi kwenye uso.

Ukimaliza, usimwonyeshe mama kwanza. Mpelekee shangazi, uiweke juani mlangoni kwake, ukae pembeni na usiseme ni nani.